Ukweli kwa Kiarabu Safi

Kama ndiyo kwanza unaingia leo, kaa hapa karibu nikupe ya nyuma kwa kifupi, maana ya mbele ni mazito.

Mimi ni nesi. Diploma yangu niliitolea jasho, na wodini nimesimama mpaka miguu ikasahau kukaa. Niliacha kazi nikamfuata binti yangu nchi ya mbali, nchi ya watu wanaosema Kiarabu. Mkwe wangu alikuwa amekwenda kutafuta maisha na akayapata, kwa mwanamke mwingine. Binti akabaki na mtoto mgongoni na utafiti wa shahada ya uzamili mezani.

Nyumbani tumemwita Profesa tangu anajifunza kushika penseli. Huwezi kumwita mtoto Profesa miaka yote hiyo, halafu siku ya kuanguka ukamwangalia tu.

Utafiti wake ni juu ya wanawake washona magodoro. Zamani, katika mji ule, walikaa chini ya bati moja wakijaza pamba na kushona, na wakajitungia Kiarabu chao cha kazini. Tajiri hakukielewa, waume zao hawakukielewa, na watoto hawakufundishwa. Wote wamekwisha kufa, amebaki mmoja. Sisi tulimwita Bi Mkubwa.

Profesa alimrekodi karibu mwaka mzima. Kilichobaki ni ridhaa. Sheria ya chuo inataka mzee mwenyewe, baada ya kusikilizishwa maneno yake, aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia yatumike. Bila ridhaa, kanda zote ni kelele. Bila kanda hakuna shahada, na bila masomo hakuna kibali cha kuishi. Tunafungasha.

Wiki iliyopita niliwaacha ninyi wasomaji mlangoni kwa Bi Mkubwa, mimi nimembeba mjukuu, Profesa amebeba kinasa sauti. Tuliingia kuchukua ridhaa. Tulitoka bila ridhaa, na aliyeiharibu ni mimi.

Ilikuwa hivi.

Bi Mkubwa aliishi na mwanawe, fundi saa, juu ya duka la huyo mwanawe. Siku hiyo alikuwa amelala kwenye godoro alilolishona mwenyewe, na sindano yake ndefu ya kazi iko mkononi. Alikuwa haishonei kitu. Aliishika tu, kama wengine wanavyoshika tasbihi.

Profesa na fundi saa walikuwa sebuleni wanahangaika na waya wa umeme. Bi Mkubwa akaniomba nimwekee mto vizuri. Nikamwinua, gauni likafunguka kifuani, nikaona bandeji.

Ilikuwa imefungwa vibaya. Mimi nikiona bandeji iliyofungwa vibaya siwezi kuiacha, kama vile mwingine asivyoweza kuacha mlango wazi. Nikaifungua niifunge upya.

Msomaji, nilichokiona chini ya bandeji ile sikuhitaji daktari anieleze. Nimeviuguza vidonda vya aina ile wodini zaidi ya ninavyopenda kukumbuka. Dirishani kulikuwa na kopo la vidonge, nikavitambua rangi. Vile hapewi mtu mwenye jipu.

Bi Mkubwa akaniuliza, kwa upole kabisa, "Nesi, hili jipu litapona lini?"

Sasa nisikilizeni. Mimi sijawahi kumdanganya mgonjwa. Niligombana na madaktari wakubwa kwa sababu hiyo. Mwili ni wake, habari ni zake. Hilo moja.

La pili linanitia aibu zaidi. Asubuhi nilikuwa nasoma Kiarabu katika darasa la familia za wanafunzi, na wiki ile tulikuwa tumefika somo la hospitali. Maneno nilikuwa nayo, ya moto moto, kama mtu mwenye viatu vipya anayetafuta pa kwenda. Nikayapanga kichwani, nikayasema polepole.

"Mama, hili si jipu. Hii ni saratani, na imekwenda mbali. Hawakukwambia?"

Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya Kiarabu kutoka bila kujikwaa. Mwalimu angenipigia makofi.

Bi Mkubwa alinitazama. Nikadhani hakunisikia. Nikairudia kwa sauti ya juu.

Ndipo nilipogeuka nikamwona fundi saa amesimama mlangoni, na nyuma yake binti yangu, uso umempauka kama mtu aliyeona gari likimgonga mtu.

Fundi saa hakupiga kelele. Alikuja akaifunga ile bandeji mwenyewe, vibaya vilevile, akatutoa nje mmoja mmoja kwa kutushika kiwiko. Mlangoni akaniambia neno moja.

"Mama yangu aliamka mzima leo. Umemuua kabla ya chakula cha mchana."

Njia nzima Profesa alitembea mbele yangu. Mjukuu ndiye aliyekuwa na furaha, akipungia mkono kila mbwa.

Tulikuwa na chumba kimoja. Jiko liko ubavuni mwa kabati, na meza ya kusomea ndiyo ya kulia, ndiyo ya kumbadilishia mtoto. Nikaweka maji ya chai motoni kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nikamwambia mwanangu kwamba maji yamemwagika, lakini tutatafuta njia, maana watu wale walikuwa na wajibu wa kumwambia mgonjwa wao.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni saratani. Nilijua tangu siku ya kwanza, Mama. Ndilo sharti alilonipa mwanawe: nikitaka sauti ya mama yake, nichunge mdomo wangu."

Nikazima jiko. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia na mimi.

"Nikuambie wewe? Siri kukupa wewe si kama kuibandika ukutani tu?"

Wenye watoto wanaojua kusoma wanajua uchungu wa kuambiwa ukweli nao. Na mimi nikikatwa hukata. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye alikuwa amekaa mwaka mzima akichota maneno ya mtu asiyejua kwamba anaaga. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo elimu tuliyomleta aisomee.

Alimchukua mtoto, akalala naye akiuangalia ukuta, mchana kweupe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi nyumba mbili.

Baada ya siku tatu tulikwenda kwa msimamizi wake pale chuoni. Niliambiwa mama wa wanafunzi husubiri nje. Nikasubiri nje, ila mlango niliuacha wazi.

Si mtu mbaya, yule msimamizi. Alimpa mjukuu kifutio atafune. Lakini alichosema kilikuwa kifupi: jopo linakaa mwisho wa wiki. Akiwa na ridhaa, atamtetea hadi mwisho. Akiwa hana, hawezi kulipelekea jopo sauti ya mtu ambaye huenda hataki. Profesa akamwomba aongezewe muda. Akasema muda umeshaongezwa, wakati ule mumewe alipoondoka. Akaongeza, kwa huruma iliyoniudhi kuliko ukali, kwamba wengi huacha njiani na wakaishi vizuri tu.

Tuliporudi, binti yangu alianza kubandua karatasi zake ukutani. Ukuta mzima ulikuwa umejaa maneno ya washona magodoro, kila neno na kikaratasi chake. Alikuwa anabandua kwa kucha, polepole, na kuvipanga kwenye boksi la viatu vya mtoto. Nikamletea chakula, kikapoa. Nikakipasha moto, kikapoa tena.

"Mama," akasema, hakuniangalia. "Nikirudi nitawaambia nini watu? Kwamba nilikuwa karibu?"

Nimewahi kukaa na watu wanaokata roho. Sijawahi kusikia sauti iliyokwisha kama ile kutoka kwa mtu mzima wa afya.

Nikachukua khanga yangu, nikamfunga mjukuu mgongoni, nikaenda dukani kwa fundi saa.

Alikuwa ameinama juu ya saa iliyofunguliwa tumbo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Hakukiondoa. Nikamwomba radhi kwa Kiarabu chote nilichonacho. Nikamwambia anitukane mimi, mtoto wangu hana kosa.

Akaniambia mama yake hali chakula. Amegeukia ukuta. Hamruhusu mtu kumbadilishia bandeji, na harufu imeanza kushuka ngazi hadi dukani. Kila akiulizwa anataka nini, anasema anamtaka mtu mmoja.

"Binti yangu?" nikauliza.

"Wewe. Anamtaka yule nesi."

Ndipo alipokiondoa kile kioo. Macho yalikuwa mekundu, na lile la kioo limepigwa duara kama limepigwa ngumi. Akanieleza anachotaka, na alikuwa amekifikiria vizuri, kama fundi.

Niende kwa mama yake. Nimwambie nilikosea. Kiarabu changu ni kibovu, nilitaka kusema kitu kingine nikasema hicho. Nani atashangaa? Mgeni, mtu mzima, ndiyo kwanza anajifunza. Jipu ni jipu, na litapona.

"Ukimrudishia mama yangu usingizi," akasema, "mtoto wako aje na mashine yake siku hiyo hiyo. Mama akikubali, mimi sitazuia. Usipomrudishia, msipite hata mtaa huu."

Nilirudi nyumbani nikitarajia kitu kimoja. Nilitarajia mwanangu, msomi, aseme hapana, mama yangu hauzi ulimi wake. Ningejivuna, ningelia, tungefungasha.

Alisikiliza, kikaratasi kimoja kimemganda kwenye kidole. Kisha akaja akapiga magoti mbele yangu, akaweka kichwa mapajani kwangu, kitu ambacho hakukifanya hata siku mumewe alipoondoka.

"Mara moja tu, Mama. Maisha yako yote umesema kweli. Mara moja tu, kwa ajili yangu."

Alipokuwa mdogo nilimchapa kwa uongo wa kipande cha sukari. Nakumbuka hata gauni alilovaa.

Nikamwambia sawa.

Basi tukakaa kwenye meza ile, na mwanangu akanifundisha kuharibu Kiarabu. Sijui kama kuna mama mwingine aliyewahi kupewa somo hilo. Nasema, ananikatisha. "Usinyooshe hivyo, Mama. Kosea kidogo hapo. Babaika." Nikababaika. "Sasa umezidisha, unaonekana umelewa." Mjukuu akacheka kwa kuwa tulikuwa tunarudia sauti zilezile, na sisi tukacheka pia, na katikati ya kicheko nikaona mwanangu analia.

Siku iliyofuata tulipanda ngazi za fundi saa.

Harufu ilitupokea mlangoni. Bi Mkubwa alikuwa amegeukia ukuta kweli. Aliposikia sauti yangu akageuka, akaonyesha kifua. Nikamwachia Profesa mtoto, nikanawa mikono, nikakisafisha kidonda kile kama inavyotakiwa, na hakuguna hata kidogo. Sindano yake ilikuwa juu ya shuka.

Nilipomaliza, akamwambia mwanawe asubiri nje na afunge mlango. Fundi saa akanitupia jicho. Nikamwitikia kwa kichwa. Akatoka.

Bi Mkubwa akamwambia Profesa awashe mashine. Taa nyekundu ikawaka.

"Ridhaa yenu najua mnaitaka," akasema. "Sina choyo. Lakini kwanza nesi airudie ile kauli yake ya siku ile."

Niliangalia ile taa. Ikanijia kwamba nitakachosema kitakaa mle ndani na jina la kazi ya mwanangu juu yake.

Nikasema. Niliikosea palepale mwanangu aliponifundisha kukosea, nikababaika pale pa kubabaika. Nilisema Kiarabu changu ni kibovu, nilichanganya, jipu ni jipu, tumshukuru Mungu litapona. Jasho lilinitoka kana kwamba nazalisha.

Bi Mkubwa alisikiliza ameinamisha kichwa, kama fundi anayesikiliza mashine iliyoharibika. Kisha akacheka. Kilimuuma kifuani, lakini alicheka.

"Nesi, hujui kusema uongo kwa Kiarabu. Darasani kwenu hamjafika somo hilo."

Nikajaribu kusema neno, akaniinulia mkono.

"Siku ile ulisema safi. Leo umekaririshwa." Akavuta pumzi. "Mimi sikasiriki. Lakini kuna jambo nitalifanya kama nina muda, na kuna jambo jingine nitalifanya kama sina. Nimelala hapa siku zote hizi sijui nianze na lipi. Mnaniwekea mito. Mto hauniambii."

Kisha akamgeukia binti yangu.

"Wewe umesoma kuliko mama yako. Wewe Kiarabu umefika nacho mbali. Mwaka mzima umekaa kwenye godoro langu, umekunywa chai yangu, nimekupa maneno ambayo hata huyo niliyemzaa sikumpa. Niambie wewe. Ulijua?"

Chumba kilitulia nikasikia saa zote za dukani chini.

Nilimwona mwanangu akiitazama ile taa. Nilijua anachokiona. Akisema ndiyo, fundi saa yuko nyuma ya mlango, na mzee huyu ana kila haki ya kumfukuza na maneno yake yote. Akisema hapana, ameuthibitisha uongo kwenye kanda itakayosikilizwa na jopo, na atapewa shahada yake juu ya uongo huo. Nami sikuwa na hata neno moja la kumsaidia, mimi niliyemfundisha kusema "mama".

Akanipa mtoto. Akatoka kwenye kiti. Akakaa chini sakafuni, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyosha, jinsi wanawake wale walivyokaa kazini, maana hata hilo alilisomea.

Akajibu.

Hakujibu kwa Kiarabu ninachosoma mimi. Alijibu kwa kile cha washona magodoro. Sikuwahi kumsikia akikitumia kwa kinywa chake, nilijua anakisikiliza tu na kukiandika. Kilimtoka kirefu, cha chini chini, bila kusimama, na mimi sikuambulia hata neno moja.

Bi Mkubwa akafumba macho. Akamjibu kwa kilekile. Mwanangu akaongeza. Mzee akamshika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, vidole vikawa vyeupe. Uso wake ulibadilika, na mimi ninayejua kusoma nyuso za wagonjwa sikuweza kuusoma. Ulikuwa uso wa hasira au wa mtu aliyetua mzigo, na katika dakika ile vilifanana.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Fundi saa alikuwa amesikia kila kitu na hakuelewa chochote.

"Wanasema nini?" akaninong'oneza.

Tukaangaliana, mimi na yeye, mzazi na mtoto tuliofungiwa nje tukiwa ndani.

"Sijui," nikamwambia, kwa Kiarabu safi kabisa.

Bi Mkubwa akafumbua macho. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema sentensi moja ya mwisho kwa lugha yake. Na alipokuwa anaisema, akaivuta ile mashine kifuani kwake, akaikandamiza kwa kidole.

Taa nyekundu ikazimika. Kama aliyosema yaliingia kabla ya taa kuzimika au yalibaki nje, na kama yalikuwa ridhaa au laana, katika chumba kile walijua wanawake wawili tu, na hakuna kati yao aliyekuwa ananiangalia.